Barua ya wazi kwa wasimamizi wa urithi wa Kenya: leja za Waskoti zina majina ya babu zetu

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyinyi mliokabidhiwa makumbusho, makavazi, makaburi na ardhi ya umma, mlioko Nairobi na mlioko katika kaunti za nyanda za juu. Barua za kawaida zimekwisha kuandikwa. Zilipokelewa, zikapigwa muhuri, na jibu halikuja. Ndiyo maana hii naiweka hadharani, aisome kila mtu. Sitataja ofisi wala afisa, kwa kuwa sina haja ya kumwaibisha yeyote. Haja yangu ni kuona kazi hii inafanyika mzee mmoja angali hai.

Mzee huyo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, upande wetu wa Laikipia, si mbali na Nyahururu. Alinifundisha kusoma, na kama wote waliopita mikononi mwake namwita Mwalimu tu. Ameniomba nisiliandike jina lake, nami nimekubali. Tangu astaafu, kazi yake ya kila siku ni kutunza vitu vilivyoachwa na walowezi wa Kiskoti waliolima sehemu hizi: makaburi yao, vitabu vya hesabu vya shamba, barua, ramani. Hakuna anayemlipa. Fyekeo ni lake, kufuli la lango amelinunua mwenyewe, na nauli ya kwenda kuwasihi nyinyi hutoka kwenye pensheni yake.

Makaburi yako kwenye kipande kidogo cha ardhi kilichosalia katikati ya mashamba ya viazi, chini ya misaipresi mikubwa iliyopandwa na walowezi wenyewe. Mawe yanasema waliolala pale walizaliwa Aberdeen, Inverness, Perth. Kuna mama na mtoto wake mchanga waliokufa wiki moja. Kuna kijana aliyetoka mzima katika Vita Kuu ya Kwanza, akapata shamba katika mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi askari wazungu, kisha homa ikamwua kabla hajavuna vizuri. Uzio wa chuma uliozunguka mahali hapo ulikatwa usiku ukaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kwenye jiwe moja, herufi za madini ya risasi zilizokuwa zimepachikwa ziling'olewa zote kwa bisibisi. Mwalimu hakulikatia tamaa jiwe hilo. Kila herufi ya namna ile hushikwa na vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye jiwe. Aliweka karatasi juu yake, akavifuata vitundu kimoja baada ya kingine kwa penseli, na jina la marehemu likarudi lote, pamoja na mwaka.

Nataka mjue anavyofanya kazi, kwa sababu nimesikia watu wakisema anachezacheza tu. Mawe anayaosha kwa maji matupu na brashi laini. Hatii jiki wala sabuni, na brashi ya waya haiingii pale, maana vitu hivyo hulila jiwe na baada ya miaka michache maandishi hayapo tena. Jiwe ambalo maandishi yake yamefifia halikwaruzi. Hungoja jua likae vizuri, akashika kioo pembeni na kuutupa mwanga ubavuni mwa jiwe, hadi kila herufi ikatoa kivuli chake. Hapo mmoja wa watoto wa shule wanaomsaidia hupiga picha kwa simu, na mwingine huandika kwenye daftari. Watoto hao wanajua kusoma jiwe la kaburi kuliko watu wazima wengi wenye shahada.

Majirani humuuliza mbona anahangaikia makaburi ya wazungu ilhali mama yake mwenyewe amelala bila hata msalaba. Ni swali la haki, na yeye hulichukulia hivyo. Baba yake alikuwa skwota kwenye shamba lilelile la Mskoti. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilikuwa imefungua njia ya wazungu kukodishiwa mashamba huku kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikaifanya miaka 999. Sheria ya mwaka 1918 ikamtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, ili aruhusiwe kuishi na kulima kijishamba chake. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Wakikuyu wengi wa mashamba haya walipakiwa kwenye malori na kurudishwa katika hifadhi za Wakikuyu ambazo baadhi yao hawakuwahi kukanyaga. Mwalimu alikuwa mtoto mdogo ndani ya lori mojawapo. Kwa hiyo hakuna wa kumfundisha walowezi walikuwa nani na walifanya nini.

Jibu lake kwa majirani liko ndani ya masanduku ya bati anayoyalaza chini ya kitanda.

Shamba lilipogawanywa baada ya uhuru, ofisi ya mlowezi ilifagiwa kama ghala la kawaida. Viti vilichukuliwa, milango ikang'olewa, na vitabu vikabaki vya kuwashia moto. Vingine vilimfikia mwenye bucha, akawa anachana kurasa za kufungia nyama. Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa kijana ndiyo kwanza ameajiriwa, alimpelekea magazeti ya zamani, bunda kwa bunda, wakabadilishana. Hivyo ndivyo leja zilizosalia zilivyosalia.

Nimezishika. Kurasa zina mistari myekundu na ya buluu, na wino mweusi umegeuka kahawia. Safu ya kwanza ni jina la kibarua, limeandikwa jinsi karani alivyolisikia. Ya pili ni namba ya kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni cha mfanyakazi. Kisha zinafuata siku za mwezi, kila moja na alama yake, halafu posho aliyopimiwa, halafu pesa alizokatwa. Pembeni kuna alama za dole gumba, nyingine zimekolea wino kiasi cha kuonyesha kovu. Kuna mahali mstari unakatika katikati ya mwezi, na karani ameandika neno moja tu: ametoroka, au amekufa.

Wengi waliomo humo hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hawakupigwa picha, hawakuacha wosia, hawakujengewa kaburi. Serikali ya kikoloni iliwavisha kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kukaza baada ya vita, na mfumo huo ulipoachwa mwaka 1947 watu wengi walikitupa kwa furaha. Nani angewalaumu? Lakini pamoja na kikopo ilipotea ile karatasi iliyoandikwa mtu huyu ni nani, ametoka wapi, amefanya kazi kwa nani. Leja ya mlowezi iliweka nusu ya habari hiyo bila kukusudia.

Nje ya pale uzio wa makaburi ulipokuwa, upande wa bondeni, kuna uwanja mwingine wa maziko. Hauna jiwe. Walizikwa vibarua hapo, Wakikuyu na Waturkana na Wakalenjin, na watoto wao. Kwa miaka mingi mbuzi walilishwa juu yao. Mwalimu alipitia leja ukurasa kwa ukurasa, akayatoa majina yote ambayo mstari wake unakatikia kwenye neno "amekufa". Akayapeleka majina hayo kwa wazee, nyumba kwa nyumba, akiuliza ni wa ukoo gani, alifia wapi, nani alimzika. Pale familia zilipokubali, aliweka jiwe dogo la kawaida na kuliandika jina kwa rangi. Pale ambapo familia haikutaka, kwa sababu za mila au za uchungu, aliliacha jina kwenye daftari lake na kunyamaza.

Anayekuja kuzuru, awe Mskoti anayetafuta kaburi la nyanya yake au Mkenya, hupelekwa kwanza kwenye uwanja wa bondeni, ndipo apandishwe kwenye misaipresi. Hiyo ndiyo sheria yake na haigeuzi. Nimemwona mgeni wa makamo kutoka Uskoti akisimama pale chini muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye kaburi la jamaa yake, kisha akaomba anakili majina ya waliomfanyia kazi babu yake.

Hii ndiyo hoja yangu kwenu, na sina nyingine kubwa kuliko hii: urithi wa walowezi mnaouona kama mali ya wazungu, ambao hamjui muuweke kabati gani, ndani yake mna sisi. Mkiuacha uoze kwa kuwa ni wa mkoloni, wa kwanza kufutika si mkoloni. Yeye ana nakala.

Nitaeleza. Barua na taarifa za misheni ya Waskoti katika nchi yetu zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Kampuni ya James Finlay ya Glasgow, iliyoingia katika chai ya Kericho miaka ya 1920, nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Glasgow, zimepangwa na zina namba. Mtafiti akitaka kujua siku za mwanzo za chai ya Kericho, hukata tiketi ya ndege. Siwalaumu Waskoti kwa hilo. Wametunza chao na wanastahili heshima. Lakini vilivyokwenda Edinburgh na Glasgow ni vile vilivyoandikwa kwa wakubwa. Daftari la siku za kibarua, la posho, la faini, halikusafirishwa. Lilibaki shambani. Nalo ndilo liko chini ya kitanda cha mwalimu mstaafu mwenye paa linalovuja.

Tena historia ya Waskoti hapa si ya mashamba peke yake, na ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Joseph Thomson, mwana wa Penpont, alipita kwenye maporomoko haya ya Nyahururu mwaka 1883, na mji ukaitwa kwa jina lake hadi baada ya uhuru. William Mackinnon, Mskoti mwingine, ndiye aliyeiongoza kampuni iliyotawala kabla ya serikali ya Uingereza kuchukua usukani, na kila dereva wa barabara ya Mombasa anapita Mackinnon Road. Misheni yao ilianzia Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawaangamiza, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, njaa kuu na ndui vikiwa vinaingia. Mmisionari Thomas Watson alifariki huko mwaka 1900. Mkewe Minnie, waliyekuwa wameoana mwaka mmoja tu uliopita, hakurudi kwao Dundee. Alibaki Thogoto, hukohuko Kikuyu, akifundisha mpaka mwaka 1931, na alipofariki mwaka 1949 majivu yake yaliletwa kuzikwa ubavuni mwa mumewe. Mwaka 1917, Dakt. John Arthur wa misheni hiyohiyo aliwaongoza wanaume zaidi ya elfu moja kwenda kubeba mizigo ya vita Tanganyika, iliyokuwa ya Wajerumani. Wale wapagazi nao wana wajukuu. Wajukuu hao wakija kuuliza, tuwaonyeshe nini?

Sina nia ya kumpamba mlowezi. Waskoti wenyewe wanajua maana ya kuhamishwa kwa nguvu. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, wakulima walitolewa majumbani mwao ili kondoo wa kabaila wapate malisho, na nyumba zikatiwa moto. Siyo kwamba waliofukuzwa kule ndio waliokuja kutufukuza huku. Wengi waliofika Kenya walikuwa watu wa nafasi. Ila ni taifa moja, na mtu akisoma habari zote mbili pamoja anaelewa mengi kuhusu ardhi na nguvu. Mwalimu huwafundisha watoto habari hizo mbili siku moja, wakiwa wamekaa kwenye nyasi kati ya viwanja viwili. Ningependa kila mkuza mitaala asikie somo lile.

Kama mnadhani karatasi za zamani ni mambo ya wapenda historia, kumbukeni Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza. Kwa miaka mingi Uingereza ilikaa na nyaraka zilizohamishwa kutoka makoloni yake, zikiwemo karibu mafaili 1,500 ya Kenya, na zikajitokeza mwaka 2011 wakati wazee wetu wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Mafaili hayo yaliipa nguvu kesi yao. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228. Wazee wale walikuwa wamesema ukweli uleule tangu zamani bila kusikilizwa. Karatasi ndiyo iliyofungua masikio. Sasa fikirieni ni kesi ngapi za ardhi, za urithi, za ukoo, ambazo zingeweza kunyooshwa na mstari mmoja wa leja unaoonyesha baba wa fulani aliishi shamba lipi mwaka upi.

Mtaniambia mikono yenu imefungwa, kwamba jambo hili ni la ngazi nyingine. Katiba ya 2010 imeligawa wazi katika Jedwali la Nne. Makaburi, maktaba na makumbusho ni kazi za kaunti. Minara na mahali pa kale penye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya serikali kuu, na kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 ya kuisimamia. Kwa hiyo hakuna asiyehusika. Kilichotokea kwetu ni kwamba kila upande umeuelekeza kidole upande wa pili, na Mwalimu ameupanda na kuushuka mlima huo hadi magoti yamechoka.

Kuna siku aliitwa ofisini akaambiwa avilete vitabu vyote, aviache mezani. Aliomba risiti inayoorodhesha kila kitabu, akaambiwa risiti si lazima. Akabeba masanduku yake akarudi nayo. Wapo waliomwita mkaidi. Mimi nasema alifanya jambo la busara ambalo ofisi yoyote ya nyaraka ingepaswa kumfundisha kijana wake wa kwanza.

Basi ninachowaomba ni hiki. Kabla ya yote, ardhi. Kile kipande chenye viwanja viwili hakina hatimiliki inayojulikana, bikoni zake za mpaka zimeng'olewa, na jembe la jirani husogea msimu hadi msimu. Pimeni vyote viwili pamoja, msivitenganishe, na mvisajili kuwa ardhi ya umma. Mkipima cha misaipresi tu mkauacha wa bondeni, mtakuwa mmerudia kwa mikono yenu dhambi ya uzio ule wa kwanza.

Pili, tumeni mtu mwenye mashine ya kuskani akae kwa Mwalimu hadi ukurasa wa mwisho. Nakala moja ibaki Nyahururu mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuingia na kuuliza, nyingine iende Nairobi. Vitabu vyenyewe vipewe chumba kikavu na masanduku yanayofaa, kwa maandishi yanayosema vimetoka kwa nani na kwa masharti gani. Sharti la Mwalimu ni jepesi: familia za waliomo zisitozwe hata senti kutafuta jina la mtu wao. Namuunga mkono kabisa.

Kisha andikieni Edinburgh na Glasgow mkiomba nakala za yale yanayotuhusu. Nina imani mtasikilizwa, na mtakuwa na kitu cha kuwapa pia, maana hata wao hawana majina tuliyo nayo sisi.

Na jambo la mwisho linamhusu yeye mwenyewe. Amevuka miaka sabini na tano. Kumbukumbu ya nani alimzika nani imo kichwani mwake, nusu tu ndiyo imeingia daftarini. Mwajirini kijana mmoja, mmoja tu, akae naye kama mwanagenzi, arekodi sauti yake akitembea kati ya makaburi, ajifunze kioo na brashi na namna ya kubisha hodi kwa familia yenye uchungu. Hela yake haifiki gharama ya hafla moja ya kuzindua sanamu. Mpeni Mwalimu naye barua rasmi ya utambulisho, ili asifukuzwe tena na askari wa kaunti kwa kosa la kufyeka nyasi kwenye ardhi asiyoimiliki.

Watu wa kujitolea ndio wamebeba sehemu kubwa ya historia ya nchi hii hadi leo, na wengi wamekufa na masanduku yao yakagawanywa matangani. Watoto wa Mwalimu wako mijini. Wameshasema wazi hawana nafasi ya kuweka vitabu hivyo.

Mvua za masika hazingoji. Paa lile tumelitia viraka, na vijana wa shule wameahidi kuyainua masanduku juu ya matofali. Mwalimu yuko nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi, na atawapokea wote bila kinyongo. Njooni na mpima ardhi.

Wenu,
Mwanafunzi wake wa zamani, mjukuu wa kibarua,
Nyahururu